Mrejesho wa Heshima

Kwa niaba ya Mkurugenzi wa Kituo cha Elimu ya Masafa kwa Mtandao, Kanda ya Pwani ya Kaskazini, nina heshima kuutangazia umma kwamba katika kituo chetu hakuna mwanafunzi anayekosa swali. Tafadhali msipige makofi mpaka nimalize.

Naitwa Yakoub. Cheo changu ni Kaimu Mratibu wa Mrejesho. Mrejesho, kwa wasiojua, ni ile kazi ambayo zamani mwalimu aliifanya kwa chaki na hasira: mwanafunzi anaandika, mwalimu anasoma, kisha anamwambia hapa umepata, hapa umechemsha. Kazi hiyo haikuwa na mratibu. Watu walikuwa wanaambiwa ukweli ovyoovyo, bila kibali wala kumbukumbu namba.

Hii ilikuwa miaka ya ubinafsishaji. Viwanda vya Tanga vilikuwa vinauzwa kama mafungu ya nyanya jioni, na kile kilichokosa mnunuzi kilifungwa, kikaachiwa popo. Wafadhili wakaishauri serikali ipunguze watu. Ikaundwa ofisi ya Kamishna wa Upunguzaji, na Kamishna akatoa waraka: mtumishi yeyote asiye na cheti cha kidato cha nne, akianguka mtihani wa Novemba, atapumzishwa. Kwa huruma, ofisi hiyohiyo ikaanzisha kituo chetu pale Nguvumali, ili wanaopumzishwa wasome wasije wakapumzishwa. Mkono mmoja unamsukuma mtu kisimani, wa pili unamshushia kamba. Wasioelewa mipango waliiita vurugu.

Mtambo wetu ulikuwa wa kisasa. Mwanafunzi wa Mwera, kwa mfano, aliandika majibu yake kwenye karatasi. Karatasi ilipanda basi hadi Tanga mjini pamoja na magunia ya nazi. Dada Samira, mpigachapa wetu, aliyaingiza majibu kwenye kompyuta. Kompyuta, simu ikipatikana, iliyapeleka Dar es Salaam. Dar es Salaam, umeme ukipatikana, iliyarudisha Nguvumali, kwenye kompyuta ya chumba cha pili, alikokuwa amekaa mwalimu. Kati ya Samira na mwalimu palikuwa na ukuta wa mbao, na wakati mwingine Samira alimwazima mwalimu kiberiti kupitia ufa. Majibu hayakupita kwenye ufa. Majibu yalikwenda Dar. Hiyo ndiyo maana ya masafa.

Mwanzoni mambo yalikuwa mabaya. Walimu wetu walikuwa vijana, na wanafunzi wetu walikuwa watu wazima: makarani, wahudumu, walinzi, wasimamizi wa maghala, watu wenye wajukuu. Siku moja Mzee Hashil wa Ushongo, mtunza ghala mwenye hina kwenye ndevu, alipokea mrejesho wake wa kwanza uliosema: "Si sahihi. Soma tena." Alipanda basi mwenyewe, na karatasi ameikunja ndani ya kofia.

"Nani ameandika haya?" aliniuliza.

"Ni mfumo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umeona? Wewe umeniamkia. Huyu mfumo wako hajaniamkia. Amefika kwangu, hodi hajapiga, shikamoo hajatoa, ananiambia mie nisome tena. Ana umri gani?"

"Ana miezi mitatu, mzee."

"Miezi mitatu! Mie nina vitukuu wanamzidi!"

Malalamiko yalifika mkoani. Ikaundwa Kamati ya Mrejesho wa Heshima, mimi nikiwa katibu, na mwenyekiti akiwa Mkurugenzi wetu, Bwana Massoud, mtu wa suti nyeupe na manukato yanayomtangulia mlangoni. Tulikaa semina ya wiki nzima kwenye hoteli ya ufukweni, na kwa kuwa agenda ilikuwa heshima, tulijiheshimu kwa pweza na kamba wa kukaanga. Tukatoka na Mwongozo.

Mwongozo ulisema hivi. Mrejesho wowote kwa mwanafunzi aliyemzidi mwalimu umri utaanza na shikamoo, na mwalimu atasubiri marahaba kabla ya kuendelea. Marahaba nayo itapitia Dar. Neno "kosa" halitatumika. Badala yake mwalimu ataandika "jibu la aina yake". Neno "sifuri" litakuwa "alama tulivu". Kalamu nyekundu zikusanywe na kuteketezwa mbele ya mashahidi. Na kila mrejesho utafungwa kwa maneno ya kutia moyo: "Endelea hivyohivyo."

Matokeo yalikuwa ya kutukuka. Malalamiko yalikoma. Tuliwapelekea wafadhili taarifa kwamba wanafunzi wote wameridhika, wakatuletea kompyuta ya tatu, ambayo mpaka leo haijafunguliwa kwa sababu boksi lake ni zuri.

Sasa nije kwa Bi Mwatum.

Bi Mwatum alikuwa mhudumu wa zahanati ya Mwera. Alifagia, alichemsha sindano, alipima watoto uzito, alishika taa mama akijifungua. Kazi hiyo aliianza msichana na sasa alikuwa bibi wa watu. Mumewe alikuwa mkata mkonge, shamba likapata mwekezaji, mwekezaji akapata trekta, mume akapata nafasi ya kukaa barazani. Mshahara wa Bi Mwatum ndio uliokuwa unachemsha chungu. Cheti cha kidato cha nne hakuwa nacho. Novemba ilikuwa inakuja.

Alisoma kwa bidii iliyotutia fahari. Katika somo la asilimia aliulizwa: asilimia kumi ya mia mbili hamsini ni ngapi? Akachukua mia mbili hamsini, akatoa kumi, akaandika mia mbili arobaini. Mrejesho wake ukamfikia: "Shikamoo mama. Jibu lako ni la aina yake. Endelea hivyohivyo."

Akaendelea hivyohivyo. Alitoa kumi, alitoa ishirini, alitoa hamsini, alimaliza kitabu kizima akitoa. Tulimpa cheti cha pongezi chenye picha ya mwenge.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio, uliosahihishwa na walimu wa Korogwe. Hao Mwongozo wetu hawakuupata. Bi Mwatum akapata sifuri ya hesabu, duara zima, nyekundu, imezungushiwa na duara lingine ili isipotee.

Alifika ofisini asubuhi, kanga mbili, kapu mkononi. Nilimkaribisha kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Haya. Nimekuja unieleze. Hii karatasi yenu inasema endelea hivyohivyo. Hii ya Korogwe inasema sifuri. Mkweli nani?"

"Mama, hizi ni falsafa mbili za tathmini. Korogwe wanapima. Sisi tunahamasisha."

"Hewala. Nimehamasika. Sasa niambie nimekosa wapi."

"Mama, hilo neno hatulitumii hapa."

"Wallahi sitasema kwa mtu. Nong'ona tu."

"Mwongozo hauruhusu kunong'ona. Naweza kukuandikia kwamba una nafasi pana ya kung'ara."

Aliweka kapu chini. "Mwanangu, nafasi ninayo pana sana. Mwaka ukigeuka nitakuwa nayo uwanja mzima, nakaa na mzee wangu barazani tunahesabu kunguru. Huyo mwalimu wangu yuko wapi? Nataka kumwona uso."

Mwalimu wake alikuwa Kristofa. Alikuwa anapita koridoni wakati huohuo, mikono mifukoni, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na majibu yake yalikuwa yamekwama Dar. Kristofa alikuwa Mnyamwezi, amezaliwa kambini kwenye shamba la mkonge, babu yake aliletwa kukata. Kijana mpole. Mwongozo alikuwa ameuhifadhi kichwani.

"Shikamoo mama," alisema. "Mimi ndiye mwalimu. Umetokea wapi?"

"Mwera."

"Mwera ya Pangani? Mzigua?"

"Mzigua baba na mama."

Hapo ndipo nilipoona mtumishi wa umma akibadilika mbele ya macho yangu. Kristofa alitoa mikono mifukoni, akarudi nyuma hatua moja, akacheka mpaka ufizi.

"Lo! Mzigua! Ndiyo maana! Nami nakaa hapa najiuliza, huyu anayetoatoa ni mtu gani? Kumbe Mzigua! Kuhesabu mtaweza wapi, watu ambao babu zangu waliwaletea pembe za ndovu Pangani mkadhani ni kuni?"

Nilifunga macho. Niliona kesi mkoani, niliona waraka wa kunipumzisha. Nilipofumbua, Bi Mwatum alikuwa amesimama, mkono kiunoni, uso umefunguka kama amekutana na ndugu.

"Mnyamwezi wewe! Kumbe nafundishwa na mpagazi! Hebu shusha mzigo kichwani kwanza ndipo uongee!"

"Nimeshusha. Sasa nikuulize, Mzigua. Tuseme kijijini kwenu kuna Wazigua mia mbili hamsini, na asilimia kumi tu ndio wanaooga. Wanaooga wangapi?"

"Mia mbili arobaini," alijibu Bi Mwatum kwa kujiamini.

"Umewapendelea ndugu zako! Kila Wazigua mia, wanaooga kumi. Mia ya kwanza, kumi. Mia ya pili?"

"Kumi."

"Wamebaki hamsini, hao ni nusu ya mia."

Bi Mwatum akahesabu kwa vidole. Midomo ilikuwa inacheza. "Watano," alisema taratibu. "Kumi, na kumi, na watano. Ishirini na tano." Kisha akapiga kofi paja. "Alaa! Kumbe sitoi kumi! Natoa kumi kwa kila mia! Mwaka mzima natoa kama mwehu na nyie mnaniambia endelea!"

"Umekosa kitabu kizima, Mzigua. Kuanzia jalada."

"Na hao ishirini na tano wanaooga," alisema Bi Mwatum, akiokota kapu, "ndio waliowafundisha Wanyamwezi matumizi ya sabuni. Mlikuwa mnaila."

Wakacheka wote wawili, wakapeana mikono, na yule mama akamfuata koridoni, akaketi kwenye sakafu, akatoa karatasi zake, akaanza kukosolewa.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi kutoa taarifa. Nilieleza kwamba mwanafunzi ametukanwa, na ametoka ameshukuru.

"Ametukanwa kwa kanuni ipi?" aliuliza Bwana Massoud.

"Utani, Mkurugenzi. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikwambia umekosa, huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye aibu."

Mkurugenzi alinusa mkono wake. Kiongozi mzuri hujulikana kwa jinsi anavyokiona kitu kinachofanya kazi chenyewe na kukiundia kitengo. Wiki ile ile tulianzisha Kitengo cha Utani wa Kitaaluma. Mwanafunzi alijaza Fomu ya Maombi ya Kutaniwa, nakala tatu, akitaja kabila lake na matusi asiyoyapenda. Mtani aliyethibitishwa alipewa kitambulisho. Matusi yalipigwa chapa na Samira, yakaenda Dar kuhakikiwa, yakarudi yamegongwa muhuri.

Kwa njia hiyo utani ulifika ukiwa umepoa, na haukumchekesha mtu. Wanafunzi wakawa wanaruka mtambo, wanakwenda kwa Kristofa koridoni. Asiyekuwa na utani na Wanyamwezi alimleta mtani wake wa nyumbani: shemeji, au binamu, au babu. Kristofa alionyesha palipokosewa, jamaa akapeleka tusi. Koridoni palikuwa na kelele kama ngomani, na watu walikuwa wanajifunza. Nililalamikia jambo hilo katika taarifa ya robo mwaka chini ya kichwa cha habari "Changamoto".

Kwa uzinduzi rasmi wa Kitengo, Mkurugenzi alimwalika Kamishna wa Upunguzaji mwenyewe, Mheshimiwa Noa. Tulipaka chokaa mawe, tukafunga maturubai, tukakodi jenereta. Bi Mwatum aliteuliwa kusoma risala ya wanafunzi. Risala ilikuwa imeandikwa na mimi, ina kurasa nne, na inamshukuru Kamishna katika kila aya kwa kuwapunguza wananchi kwa utaratibu.

Kamishna alifika, mtu wa kitambi na sauti. Akaketi meza kuu, akaweka hotuba yake mezani, na juu ya hotuba miwani yake yenye fremu ya dhahabu. Bi Mwatum alikuwa amesimama karibu na jukwaa na Kristofa. Nilimsikia akimuuliza, "Huyu mkubwa mtu wa wapi?"

"Wetu sisi. Urambo."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi mpaka kwenye kisigino."

Bi Mwatum akaitwa. Akapanda. Risala yangu akaiweka mezani bila kuifungua, kama mtu anayeweka sahani aliyokwisha kula. Akamtazama Mgeni Rasmi kuanzia viatu.

"Kumbe Mnyamwezi!" alisema kwenye kipaza sauti. "Nami nimeoga tangu alfajiri, nimejipaka udi, nadhani nakutana na mtu!"

Uwanja mzima ukamgeukia Kamishna. Manukato ya Mkurugenzi yaligeuka jasho. Kamishna aliinua uso, na kwa muda nilidhani ataita askari. Kisha kitambi kikaanza kutikisika.

"Wewe ni Mzigua wa wapi?"

"Mwera."

"Ndiyo maana! Tangu nivuke mto nasikia harufu, namuuliza dereva, au tumekanyaga kitu?"

"Hiyo ni harufu ya maji, mtani. Kwenu hamyajui."

Uwanja ulilipuka. Kamishna alicheka mpaka akafuta machozi, na alipopeleka mkono mezani kuchukua miwani, haikuwepo. Ilikuwa kwenye pindo la kanga ya Bi Mwatum, imefungwa fundo.

"Nimeteka," alisema. "Hotuba iko mezani, macho yako kwangu. Soma tukusikie."

Kwa mila, kitu kilichotekwa na mtani hukombolewa, wala hakinyang'anywi. Kila mtu pale alijua hivyo, na Kamishna alijua kuliko wote.

"Haya Mzigua. Chukua hela ya soda unirudishie macho."

"Soda nitanunua mwenyewe, bado sijapumzishwa. Mimi nakaa mtihani Novemba kwa waraka wako. Nikianguka, narudi nyumbani na chungu kinalala. Haya, sikatai. Ila kikombozi changu ni hiki: na wewe ukae. Wewe, na huyu Mkurugenzi wako anayenukia, na wakubwa wote ambao cheti cha kidato cha nne hawana. Chumba kimoja na sisi. Tuone nani anapunguzwa."

"Heee!" ukajibu uwanja.

Kamishna alisimama. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye kwa miaka mingi hajataniwa. Akashika kipaza sauti.

"Mnyamwezi akimwogopa Mzigua, nani ataishi? Nimekubali! Kuanzia leo waraka unatuhusu wakubwa wote, na mimi wa kwanza! Asiyepata cheti, nyumbani! Leta miwani!"

Makofi, vigelegele, miwani ikarudi. Hotuba ikasomwa. Hakuna aliyeisikia.

Hapa naomba nieleze wajibu wangu, kwa kuwa baadaye yalisemwa mengi. Mimi nilikuwa katibu wa shughuli. Kanuni za utumishi ziko wazi: kauli ya kiongozi, akiwa amesimama jukwaani mbele ya kipaza sauti, ni agizo, na agizo hutekelezwa. Kanuni haisemi kiongozi akiwa amekunja uso au anacheka. Nikaliandika agizo, Samira akaliingiza kwenye kompyuta, na kwa kuwa siku hiyo tulikuwa na jenereta, likaenda. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtambo wetu kitu kilifika Dar siku hiyohiyo. Kutoka Dar kilifika mikoa yote.

Asubuhi simu iliita.

"Yakoub! Ule ulikuwa utani!"

"Ndiyo Mheshimiwa. Ndiyo maana nimeusajili kwenye Kitengo cha Utani. Una kumbukumbu namba."

"Ufute!"

"Wafadhili wameshatuma pongezi, Mheshimiwa. Wanasema hawajawahi kuona kiongozi wa mfano kama wewe. Na magazeti yametoka."

Mheshimiwa akakata simu.

Ikadhihirika wakati huo kwamba viongozi wengi vyeti vyao vilipotea kwenye mafuriko, katika mwaka ambao wakulima wote wanakumbuka kuwa mvua haikunyesha. Kituo chetu kilipata wanafunzi ambao hakikuwahi kuwaota. Magari yenye bendera yaliegeshwa Nguvumali nyuma ya duka la mkaa, na wenye magari waliingia kwa mlango wa jikoni.

Kamishna alichagua kwenda Mwera. Kristofa hakuweza kumsaidia peke yake, kwa kuwa walikuwa kabila moja na tena ni mkubwa wake. Alisahihisha tu kazi, akaitia kwenye bahasha, akamkabidhi Bi Mwatum. Bi Mwatum akaifikisha. Kila Jumamosi Kamishna wa Upunguzaji aliketi kwenye benchi la zahanati, katikati ya akina mama wenye watoto wachanga, daftari kwenye kitambi, na Bi Mwatum akiwa anachambua pamba.

"Mtani, hapa umechanganya."

"Nimechanganya wapi?"

"Kote. Umeweka nukta ya desimali pale mlipozoea kuweka nyumba zenu: mbali na maji."

Akina mama walicheka, watoto wakalia, Kamishna akafuta akaandika upya. Nilikuwepo kama mwandishi wa kumbukumbu. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kumwona mkubwa akifuta kitu alichokiandika.

Mkurugenzi Bwana Massoud alisoma kwa kufuata mtambo, kama inavyostahili. Majibu yake yalikwenda Dar, yakarudi, na walimu wake, ambao wote walikuwa chini yake kwa cheo, wakamjibu kwa Mwongozo ambao yeye aliuasisi. Kila wiki aliutundika mrejesho wake ukutani kwenye fremu.

Novemba ikaja, mtihani ukafanyika, matokeo yakatoka mwaka mpya. Bi Mwatum alifaulu. Hesabu yake ilikuwa ya kawaida, wala hakuringa nayo. Aliuliza tu kama mshahara utaingia, akaambiwa utaingia, akarudi kuchemsha sindano. Mheshimiwa Noa alifaulu kwa chupuchupu, akamtumia mtani wake mbuzi akiwa na barua: "Huyu ni ndugu yako, mle polepole." Mzee Hashil alifaulu vizuri kuliko wote, ila anakana kwamba kuna aliyewahi kumfundisha.

Mkurugenzi alianguka. Akakata rufaa kwa Kamishna. Kamishna, ambaye sasa hakuwa na subira na watu wasio na vyeti, akampa mwaka mmoja, na akamwandikia ushauri wa mstari mmoja: nenda Mwera.

Tulikwenda Jumamosi. Mkurugenzi alivaa suti nyeupe, akaketi kwenye benchi, mwisho kabisa wa foleni. Zamu yake ilipofika, alimpa Bi Mwatum bahasha ya Kristofa kwa mikono miwili. Bi Mwatum aliifungua, akapitisha macho ukurasa kwa ukurasa, akaifunga.

"Mashaallah," alisema.

"Nimekosa wapi, mama?"

"Wewe? Utakosa nini, baba, Mkurugenzi mzima? Karibu kahawa."

"Mama, nakuomba. Yule mwenzangu ulimwambia."

"Yule mtani wangu. Wewe asili yenu Oman, mimi Mzigua. Mababu zetu walikutana, lakini utani hawakutuachia. Nitakukosoaje mtu wa heshima zako? Watu wa Mwera watanionaje?"

Mkurugenzi alitazama kulia na kushoto. Akashusha sauti, ingawa benchi zima lilikuwa limemwegemea kusikiliza.

"Nitukane, mama. Kidogo tu. Hata la kitoto."

"Astaghfirullah!" Bi Mwatum aliweka mkono kifuani. Kisha akammiminia kahawa kwenye kikombe kizuri, kile cha wageni, akaichukua tena ile bahasha, akaipangusa vumbi kwa upole, akausifu mwandiko wa Mkurugenzi.